Somo la Kusema Hapana

Kefa wa Ulemo alikuwa na chaneli mtandaoni ya kufundisha watu kupanga kazi zao, na alikuwa na ekari tatu za alizeti ambazo mwenyewe hajazipangia chochote. Alizeti zilikuwa zimekauka na kuinamisha vichwa, ndege wakawa wanajilia bila hodi. Mkewe Evodia alisema mpaka akachoka.

"Baba Rahel, zile ndizo mafuta yetu ya mwaka mzima, na ndizo ada."

"Zipo kwenye ratiba," alijibu Kefa, akionyesha karatasi ya rangi nne ukutani.

Ratiba ilisema Alhamisi. Kwa utaratibu wa pale, siku ya kuvuna unapika pombe ya mtama, unachinja majogoo, unapita kwa majirani kuwaalika, na asubuhi watu ishirini wanaingia shambani. Ikifika saa sita shamba ni jeupe, watu wanakaa kunywa. Evodia akapika. Pombe nayo haisomi ratiba. Ikiiva imeiva, ukiichelewesha unakunywa siki.

Alhamisi saa moja asubuhi hakuja mtu. Saa mbili ukaingia ujumbe wa jirani yao Kristina: "Nimejiuliza maswali yako matatu. Hapana. Asante kwa somo." Hadi saa mbili na nusu ujumbe wa namna hiyo ulikuwa umefika mara kumi na moja, wote wa adabu kabisa.

Hapo Kefa akaelewa. Lilikuwa somo lake la wiki mbili nyuma, lenye maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kukubali kazi, "Sema Hapana kwa Kazi za Watu." Alilirekodi siku ileile aliyoalikwa na jirani yao Mzee Sostenes kuvuna uwele, asiende. Mtandao unalipa kwa macho ya watu, na somo hilo lilikuwa limetazamwa kuliko mengine yote kwa pamoja. Yeye alidhani ni watu wa Dar es Salaam. Kumbe ni Ulemo nzima.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema Evodia, akafunika mtungi.

Kefa alikwenda mbio kwa Mzee Sostenes.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuangalia mara tatu. Unasema mtu ajiulize, kazi hii ni ndoto ya nani? Nikazitazama alizeti zako. Nikaona si ndoto yangu."

"Naomba radhi, baba. Ule uwele..."

"Tulivuna siku mbili badala ya moja. Mke wangu alibeba na mgongo wake ule mbovu."

Kefa aliona aibu, aibu ya kweli. Chaneli ilikuwa imebakiza masaa machache tu ya kutazamwa ianze kumlipa, na karibu masaa yake yote yalitoka kwenye somo hilo. Alitoa simu, akalifuta palepale mlangoni, moyo ukimuuma.

"Ungeliacha," alisema mzee. "Lile koti ulilovaa humo lilikupendeza." Akaelekeza kidole shambani kwake. "Mimi nami nina alizeti. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uje kwangu na panga. Keshokutwa tutakuja wote kwako."

"Lakini baba, pombe imeiva leo."

"Pombe tutakuja kuinywa leo."

Kefa alifungua mdomo alitoe lile neno alilolifundisha kijiji kizima. Likakwama.

"Ndiyo, baba," alisema, akarudi kumwambia Evodia apange viti.