Mkato wa Chaini kwa Mageto

Phyllis hakuwa ametulia tangu asubuhi, na asiyetulia hachumi chai kwa majani mawili na chipukizi; anang'oa tu. Mama yake, Rodah, alimkemea mpaka akachoka, akaiachia redio iliyoning'inia kiunoni iendelee kuongea.

Kilichomkosesha Phyllis raha kilikuwa redio hiyohiyo. Phyllis ndiye aliyeiandikia studio ya redio ya Chepilat programu kwa lugha ya C, ya kufuta matangazo ya biashara yaliyopitwa na wakati, kila siku saa saba mchana. Jana aliongeza kipande cha kusafisha njia za mafaili, yaani anwani zinazoiongoza kompyuta folda hadi folda. Mikwaju miwili, alama inayotenganisha majina ya folda, ikifuatana, mmoja unaondolewa. Penye nukta mbili mfululizo, maana yake "rudi juu", zinafutwa pamoja na jina lililotangulia, kwani kuingia na kutoka ni sawa na kutoingia. Njia ikatoka fupi na safi, naye akajipongeza. Leo kipande kingefanya kazi mara ya kwanza.

"Twende nyumbani," Rodah alisema, kikapu kikiwa kimejaa.

Asubuhi walikuwa wameingia kwa mkato unaopita shamba la chai la Mageto. Phyllis akaanza kupanda moja kwa moja.

"Wee, huko unatokea kanisani! Ukiingia kwa mkato, ukipanda hutokei ulikoingia. Umesahau?"

Phyllis alisimama ghafla.

Kompyuta ya studio nayo ilikuwa na mkato: folda inayokurusha hadi diski nyingine. Ukipanda kutoka huko, unakuta folda ya "zamani" yenye matangazo yaliyokwisha, ndiyo ya kufutwa. Lakini kipande chake kilisoma maandishi tu, hakikutembea njia. Kingeufuta mkato kwenye njia, na programu ingeingia "zamani" nyingine, ya studio. Humo mlikuwa na vipindi vya Kipkurui, kaka yake, mtangazaji waliyemzika mwaka jana. Sauti yake haikuwa kwingine.

Saa saba ilikuwa mlangoni. Alimpigia Nyamwange, mtangazaji wa zamu; simu ilikuwa imezimwa, kama kawaida ya watangazaji wakiwa hewani. Akapiga laini ya salamu za wasikilizaji.

"Karibu! Jina, na unapigia kutoka wapi?" Nyamwange aliuliza, sauti ikitoka simuni na pia redioni, kiunoni pa Rodah.

"Ni Phyllis! Chomoa kompyuta kwa stima!"

"Haya, Phyllis. Unasalimia nani leo?"

"Sisalimii mtu! Hiyo mashini inataka kufuta Kipkurui! Chomoa saa hii!"

Redio ikanyamaza.

Rodah aliipiga kofi, akatoa betri na kuanza kuzianika juani, akidhani zimeisha. Phyllis alizunguka kati ya mistari ya chai, asijue kama Nyamwange aliwahi au alichelewa.

"Mama, rudisha betri. Tafadhali."

Rodah akazirudisha. Mikwaruzo, kisha kimya, kisha mikwaruzo tena. Halafu sauti ya kijana mwenye kicheko, ikisalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Chamgei! Chamgei, mama yangu Rodah, huko chaini!"

Phyllis alijifunika uso kwa mikono yenye utomvu, akalia. Nyamwange alikuwa amewahi.

Rodah aliinua redio hadi karibu na mdomo. "Chamgei mising, Kipkurui," akamwitikia.