Mashine Zinalala Wapi

Programu ilikubali kukaa kwenye seva siku ya nne, wakati Emérence alikuwa ameshaacha kuibembeleza. Mara tatu ilifika nusu ikakatika: mara wingu lilikaa juu ya antena, mara jenereta iliishiwa mafuta, mara ya tatu hakuna aliyejua kwa nini. Safari hii hakuiangalia kabisa. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, na alipoyafumbua ukurasa wa kuingilia ulikuwa wazi mbele yake, ukimwomba jina na neno la siri. Hakufurahi. Alijua kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Umoja wa Wakulima wa Milima, ambao ofisi yake iko Masisi penyewe, ulikuwa na kompyuta kumi na tisa, au ishirini na mbili, kutegemea umemuuliza nani. Wakubwa wa Umoja, walioko Goma, walikuwa wamechoka na jibu la namna hiyo. Walitaka mambo mawili. La kwanza, orodha ya mashine zote inayojijaza yenyewe kila mashine inapopata mtandao. La pili, mlango mmoja wa kupitishia shida, ili mtu aliyepata hitilafu aandike tiketi kwenye programu, badala ya kumpigia Emérence simu akiwa kanisani. Emérence alikuwa na diploma ya informatiki, mgongo unaouma kwa sababu ya pikipiki, na mkataba uliobakiza majuma matano. Papa Callixte, mkuu wa takwimu kule Goma, alikuwa ameshamwambia bila kuzunguka: orodha ikitimia, mkataba unaendelea, isipotimia, watatafuta mwingine.

Kwa kila mashine programu ilikuwa na safu sita. Tano ilijijazia yenyewe: jina, namba, umri, ukubwa wa kumbukumbu na siku mashine ilipoonekana mara ya mwisho. Ya sita iliitwa Mahali. Hiyo ilitaka mkono wa mtu, na mpaka ijazwe programu haikuihesabu mashine.

Kituo cha Kingi alikimaliza asubuhi moja. Ntoto, upande wa Walikale, ilimla siku tano, nyingi zikiwa za matope, kwa ajili ya kompyuta moja tu. Mtunzaji wake, Valens, alikuwa ameifunga kwa shuka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Valens alimuuliza habari za nyumbani, za barabara, za mvua na za mama yake kabla hajamruhusu hata kuigusa. Kisha alifundishwa kuandika tiketi, akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa.

Alikuwa ameelewa kwa njia yake. Juma lililofuata tiketi yake iliingia: "Nakusalimia katika jina la Yesu. Huku tuko salama kidogo. Mvua iko mingi, muhogo inaoza. Bibi yangu anakusalimia. Pole na kazi. Batri ya masini ilikufa." Na haikuwa yake peke yake. Kila kituo kiliandika hivyohivyo, maana nani humwendea mtu na shida yake kabla ya kumsalimia? Lakini ukurasa wa Emérence ulionyesha maneno matano tu ya mwanzo wa kila tiketi, na alipoufungua asubuhi aliona mstari uleule ukishuka toka juu mpaka chini: Nakusalimia katika jina la Yesu, Nakusalimia katika jina la Yesu. Papa Callixte alipiga simu kulalamika. Alisema amenunua programu ya hitilafu, akaletewa kitabu cha ibada. Emérence alimjibu kwamba atawaambia. Hakuwaambia. Hakuwa na nguvu iliyobaki ya kuwafundisha watu wazima kutosalimia.

Bihambwe ilikuwa ya mwisho. Huko kulikuwa na mashine tatu, na mojawapo ndiyo iliyofanya Umoja wote usimame imara. Ndani yake mlikuwa na majina ya familia mia sita na mashamba yao: nani analima kilima kipi, mpaka wake unapita kwenye mti gani na kijito gani, na nani alishuhudia siku ulipopimwa. Mtu mwenye nia mbaya akiipata, hahitaji tena kuuliza shamba ni la nani; atajua nani wa kumfukuza kwanza. Aliyeitunza alikuwa Mama Mukandori, mjane wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, ambaye alikuwa ameandika majina yale yote mia sita kwa vidole viwili.

Emérence alifanya kazi tangu asubuhi. Ilipofika saa kumi kasorobo aliona wanawake wawili wakiingia ofisini na vitunga, vikapu vya shambani, bila kubisha hodi. Mama Mukandori alizima mashine zote tatu, akazifunga kwa plastiki, akaweka moja katika kila kitunga, juu yake akatandaza majani ya viazi vitamu. Wanawake walivipandisha mgongoni, wakavuta kamba kwenye paji la uso, wakatoka kama watu watokao shamba. Kitunga cha tatu kilikuwa cha Mama Mukandori mwenyewe.

Emérence akauliza mashine zinalala wapi.

"Mutoto wangu," Mama Mukandori akasema, "biro hii ya kazi iko na mulango, na mulango walishabeba mara mbili. Masini inalala kule muntu analala." Halafu akamwambia, kwa kuwa Emérence ni mtoto wa Claudette wa Kingi na hakuna mtoto wa Claudette wa kufichwa jambo. Ile ya mashamba ililala kwake, nyuma ya kanisa, chumba cha wajukuu, chini ya gunia la maharagwe.

Nje mvua ilikuwa imeanza, na Darius, motari aliyemleta kwa pikipiki, alikuwa akipiga honi kwa mara ya nne. Kichwa kilikuwa kikimuuma Emérence. Safu ya sita ilikuwa inamngoja na rangi yake nyekundu. Akaandika: Nyumba ya Mukandori, nyuma ya kanisa, chumba cha watoto. Akaandika na zile nyingine mbili. Nyekundu ikageuka kijani, namba iliyo chini ya ukurasa ikasoma asilimia mia, naye akafunga kompyuta yake akapanda pikipiki. Njia nzima ya kurudi alikuwa na wazo moja tu, la maji ya moto.

Papa Callixte alifurahi. Alifurahi kiasi cha kuagiza orodha ichapwe kila Jumatatu na kubandikwa kwenye mlango wa kila kituo, ili kila mtu ajue nani ameshika nini. Uwazi, alisema. Emérence aliipanga programu ijichapie. Printa ya Bihambwe ilikuwa imeharibika, basi karatasi ya Bihambwe ilitoka Masisi, akampa Darius, na Darius akaikunja akaitia katika mfuko wa koti. Haikuwa hata na bahasha.

Siku ya pili yake, Emérence alifungua ukurasa wa tiketi na kikombe cha chai mkononi. Salamu kumi na moja zilikuwa zimejipanga kama kawaida. Katikati yao kulikuwa na mstari mmoja wa Bihambwe usio na salamu.

Aliweka kikombe chini kabla ya kuusoma. Hakuna mtu wa Bihambwe aliyewahi kumwandikia bila kumsalimia. Hata yule aliyeunguzwa na waya alianza na jina la Yesu.

"Karatasi yako walisoma kwa barieri. Waliuliza Mukandori iko nani. Ondoa nyumba yangu." Katika kiboksi cha uzito wa shida palikuwa pameandikwa: ya kawaida. Mama Mukandori hakuwa amejua namna ya kukibadilisha.

Alipiga simu mara sita ndipo akampata. Mama Mukandori alieleza taratibu, kama anayesimulia habari ya jirani. Wenye bunduki walimsimamisha Darius barabarani, kwenye barieri yao, wakamkagua mifuko, wakakuta karatasi. Mmoja alikuwa anajua kusoma. Alisoma kwa sauti jina la Mukandori, nyuma ya kanisa, chumba cha watoto, akauliza huyu mama ni nani na ana nini cha kuandikiwa hivi. Darius akawaambia ni orodha ya akina mama watakaofundishwa kushona, na mahali watakapowekwa vyerehani vikija. Wakamcheka, wakamwambia amletee na mkubwa wao suruali. Karatasi wakamrudishia. Lakini yule aliyesoma aliisoma tena kabla ya kuirudisha, midomo ikichezacheza, kama mtoto anayekariri.

"Wajukuu nilishahamisha," Mama Mukandori akasema. "Na masini pia. Kwenye iko, sitakuambia. Usikasirike."

"Mama, unisamehe."

"Nilishakusamehe. Lakini futa."

Emérence akafuta. Alianza na Bihambwe, akaendelea na Kingi, akaifikia Ntoto na shuka la Valens. Ndipo akagundua tabia ya programu ambayo hakuwa ameijali siku ya kuiweka: haisahau. Chini ya kila mashine, kwa herufi ndogo za kijivu, ilikuwa imeandika kwamba Emérence, saa fulani, ameondoa maneno "Nyumba ya Mukandori, nyuma ya kanisa, chumba cha watoto". Maneno yote yalikuwapo, safi kuliko mwanzo. Alitoa kicheko kifupi kisicho na raha. Akaingia kwenye hifadhidata yenyewe, huko ambako mtu haingii bila kufikiri mara mbili, akang'oa historia. Akafuta karatasi za Jumatatu zilizobaki kwenye seva. Akafuta nakala za akiba, moja baada ya nyingine, akijua kwamba akikosea leo hana pa kurudi. Macho yalimwasha. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili, na namba ya chini ilisoma sifuri.

Kisha akapiga simu Kingi, na Ntoto, na kwa kila mmoja aliyemtajia alipolaza mashine. Kwa kila mmoja alisema jambo lilelile: hamisheni, na msiniambie ni wapi. Valens alimsalimia kwanza. Kisha akasema ameelewa, na safari hii Emérence aliamini.

Barua ya kuomba maelezo ilifika siku ya tatu, ina muhuri na saa arobaini na nane za kujibu. Kila mfanyakazi wa nchi hii anaijua barua hiyo. Unaitambua kabla hujaifungua. Ilimuuliza kwa nini ameharibu mali ya Umoja, kwa nini ameangamiza na akiba, na ni lini atarudisha safu ya sita kama ilivyokuwa, pamoja na kuomba msamaha kwa maandishi. Emérence alijibu ukurasa mmoja. Alieleza barieri, alieleza mashamba mia sita, alieleza kwamba mtu akitaka kuhesabu mashine azihesabu kwa siku zilipoonekana mara ya mwisho, maana mashine inayoonekana kwenye mtandao kila juma haijaibwa. Msamaha hakuuandika.

Papa Callixte akapiga simu mwenyewe. Sauti yake pia ilikuwa imechoka. Na yeye alikuwa na watu juu yake waliotaka kuona kijani. Alisema amesoma, na mambo ya barieri yamemsikitisha. Kisha akamtania, kwa sababu hakuwa mtu mbaya: "Dada Emérence, ulituletea programu ya kuhesabu masini, sasa inahesabu upepo." Emérence hakucheka, naye hakumlaumu kwa kutocheka. Papa Callixte alisema anayo karatasi ya Jumatatu katika dosie, faili la mambo haya, pale Goma, angeweza kuijaza ile safu mwenyewe. Emérence akamwambia aijaze akitaka. Mashine zote zimehama. Hiyo karatasi sasa inadanganya, na yeye Emérence mwenyewe hajui ukweli wake, kwa kuwa ameomba asiambiwe.

Nje ya dirisha wanawake walipita na vitunga, na Emérence alijikuta akiyaangalia majani ya juu yake, kisha akaondoa macho.

"Sikia," Papa Callixte akasema. "Mukataba yako iko hapa mbele yangu. Andika mustari moja tu. Naomba pardon kwa kufuta. Wakubwa wataona, dosie itafungwa, na miye naweka sahihi leo."

Kwenye ukurasa tiketi mpya ilikuwa imeingia kutoka Bihambwe. Nakusalimia katika jina la Yesu, ilianza. Emérence hakuifungua kwanza. Aliutazama tu ule mstari wa salamu, akapumua.

"Papa Callixte, siku nilijaza ile safu njo siku nilikosa. Kwa ile nilishaomba pardon, kwa Mama Mukandori. Kwa kufuta, siombi."

"Ata mustari moja, dada?"

"Ata moja. Siombi."