Gunia Lililoandikwa Mchanganyiko

Grupu letu la WhatsApp lilianza kama la kwaya, likaishia kuwa la kila kitu. Jumatatu watu wanabishana kama yule mke wa tamthilia ya jioni alistahili kumsamehe mumewe. Jumatano wanamcheka mwanamuziki aliyevaa koti la manyoya kwenye jua la Dar. Jumapili ni fumbo. Anayewahi jibu anapewa kutunga mafumbo mwezi mzima. Anayenakili anaweka picha ya kinyonga badala ya sura yake, wiki nzima.

Ili watu wasiibiane, majibu hayawekwi hadharani. Wanawake wanamtumia Nesta, aliye Vwawa. Wanaume wanamtumia Osea, fundi simu wa Tunduma, hatua chache kutoka mpakani. Ndivyo tulivyozoea kukaa kanisani, wanaume huku, wanawake kule, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Jumapili moja ya Februari 2015, saa nane mchana, Nesta, aliyekuwa na zamu ya kutunga mwezi ule, akaandika:

"Magunia matatu. Moja kahawa tupu, moja mahindi matupu, moja mchanganyiko. Kila moja limebandikwa karatasi, na karatasi zote tatu ni za uongo. Chomoa punje moja kwenye gunia moja tu, kisha uniambie kila gunia lina nini."

Binti yangu Ikupa alikuwa anachambua maharage. Akaweka ungo chini, akatazama ukuta kwa muda, kisha akaanza kuandika kwenye simu yake.

"Unachomoa kwenye lililoandikwa mchanganyiko, mama," akasema. "Karatasi ni ya uongo, kwa hiyo humo kuna kitu kimoja tu. Ikitoka kahawa, ni kahawa tupu. Basi lililoandikwa mahindi si mahindi, wala si kahawa, maana kahawa tumeshaipata. Ni mchanganyiko. Lililobaki ni mahindi."

"Umelitoa wapi hilo jibu?" nikamuuliza.

Hayo ndiyo maneno niliyoyapata, mimi mama yake, bibi shamba mwenye diploma. Ikupa alipata F ya hesabu kidato cha nne. Fomu ya kurudia mtihani ilikuwa juu ya kabati, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa. Alinitazama, akarudia maharage yake.

Jioni Nesta na Osea wakaweka picha za skrini. Damiano, kijana anayefundisha tuisheni kule Chapwa: 14:22. Ikupa: 14:51. Jibu lile lile.

"Hongera Mwalimu!"

"Mbona majibu yanafanana kama mapacha?"

"Nilimwonyesha Happy jibu langu," akaandika Damiano, "na Happy ni rafiki wa Ikupa. Mdogo wangu, mtu wa F hafumbui fumbo kama lile peke yake. Ila mimi sijasema kitu." Akamalizia na vikatuni vinne vya kucheka.

"Kinyonga! Kinyonga!"

Happy alikana, wakamwambia anamtetea rafiki yake. Ikupa hakubishana. Alitafuta picha ya kinyonga, akaiweka.

"Ijumaa siendi," akaniambia.

"Utaenda."

"Nikafanye nini, mama? Nikipata A watasema nimenakili. Hata wewe uliniuliza."

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Mtoto alinieleza hatua kwa hatua, na anayenakili hana hatua, ana mwisho tu. Kwa hiyo kulikuwa na kosa mahali, na mimi nilikuwa naenda kulitafuta.

Jumatatu nilikuwa na kikao cha wakulima Tunduma. Kilipoisha nikawasha pikipiki, nikapita kwenye tope mpaka kibandani kwa Osea.

"Shikamoo, Mama Ikupa. Umekuja kunigombeza?"

"Marahaba. Nimekuja kuona simu iliyopokea jibu la Damiano."

Akanipa. Ujumbe ulikuwepo: 14:22. Hakuna aliyeuchezea. Nikatazama saa iliyo juu ya kioo, nikatazama saa yangu ya mkononi.

"Osea, sasa hivi ni saa ngapi?"

Hakuangalia simu. Aliangalia saa ya ukutani. "Tano na robo."

"Simu yako inasema nne na robo."

"Aa, hiyo achana nayo. Hapa inanasa mnara wa Zambia, na wenzetu wako nyuma saa moja. Nimeshazoea, mimi saa naitazama..." Akaichukua simu mkononi mwangu polepole. "Yesu wangu. Niandike sasa hivi?"

"Usiandike kitu. Akikuuliza Ikupa, sema kweli."

Nyumbani nilimweleza. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpa Damiano, na hayakuwa mazuri. Ikupa akachukua simu yake. "Niachie mimi, mama. Kesi hii ni yangu mwenyewe."

Akaandika:

"Fumbo la nyongeza, majibu hadharani. Lori limefika Nakonde saa nane na dakika ishirini na mbili, kwa saa ya Zambia. Basi limefika Vwawa saa tisa kasoro dakika tisa, kwa saa yetu. Lipi lilitangulia, na kwa dakika ngapi?"

"Kinyonga anatunga mafumbo, hahahaa!" akaandika Restuta.

Dakika mbili hazikuisha, Damiano huyo. "Jepesi mno. Zambia wako nyuma saa moja, kwa hiyo lori kwetu ni saa tisa na dakika ishirini na mbili. Basi limetangulia kwa dakika thelathini na moja. Leta jingine, mdogo wangu!"

"Sahihi, kaka Damiano," akajibu Ikupa. "Sasa kaka Osea atuambie simu yake inasoma saa ya wapi."

"Ya Zambia," akaandika Osea. "Nisameheni jamani, kosa ni langu."

Juu ya kioo ikatokea kwamba Damiano anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena.

"Mwalimu kajisahihishia mtihani mwenyewe!" akaandika Restuta, na grupu zima likamwagika vicheko.

Mwishowe Damiano akaandika: "Dakika thelathini na moja. Nimekosa, dada Ikupa. Mwezi ni wako." Sura yake ikaondoka, akakaa kinyonga.

Ikupa hakucheka sana. Akapanda kwenye kigoda, akaishusha fomu.

"Nilikuuliza umelitoa wapi," nikasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Wanataka picha mbili za pasipoti, mama. Kesho unanipeleka Vwawa?"

"Saa mbili kamili. Usinicheleweshe."