Mchoro wa Saba

"Usitikise mkono, Aling Epang. Ukitikisa, hili ua litageuka jongoo."

"Basi nichoree huyo jongoo. Umri huu na maua wapi na wapi?" Aling Epang muuza samaki alicheka mpaka kiti cha plastiki kikalia. Doray akainua brashi, akangoja kicheko kipite. Miaka thelathini na moja ya kuchora ilikuwa imemfundisha kungoja. Ukucha wa kidole cha mwisho ndio mgumu kuliko wote, na yeye huuacha mpaka mwisho.

Mlangoni mwa saluni, pale sokoni Kamuning, alikuwa amesimama mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, na kisanduku cha ensaimada, mikate mitamu ya siagi na sukari, mkononi. Mkono mtupu haulambwi, na Rommel Estacio alilijua hilo siku zote.

"Mare," akaita.

Doray hakuinua uso. "Pare. Umepotea njia? Wakubwa huwa hawapiti huku kwenye harufu ya samaki."

"Harufu ni yangu, si ya saluni," Aling Epang akadakia. "Na mimi sijamwalika."

Waliitana mare na pare kwa sababu Rommel ndiye aliyemshika Ning, binti wa Doray, kichwa siku ya ubatizo. Undugu wa namna hiyo haufutiki hata kama mmoja amepanda cheo na mwenzake amebaki kupaka watu rangi za kucha.

Zamani hizo meza zao ziligusana, studio ya katuni ikiwa bado na meza mia mbili za kioo zenye taa chini yake. Wachoraji wakubwa, wengi wao wa ng'ambo, walichora mkono ukiwa chini, kisha mkono ukiwa juu. Safari yote ya mkono huo kutoka chini hadi juu waliichora akina Doray, watu wa katikati, karatasi juu ya karatasi. Katuni ilipokwisha majina yalipanda kwenye skrini, hadi la mpishi na la dereva wa mkurugenzi. La mtu wa katikati halikuwamo. Ndipo kila mmoja akajitafutia alama yake ya siri. Berting alificha jina la mchumba wake katika manyoya ya farasi. Rommel mwenyewe alikuwa akitia jogoo mdogo dirishani. Wasimamizi walijua, wakafumba macho, mradi mtu atie alama yake katika mchoro mmoja tu na kamwe isiwe miwili mfululizo. Mmoja hupita jicho likiwa bado halijaamka. Miwili huonekana.

Alama ya Doray ilikuwa kidole. Binti yake Ning alizaliwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda kwa ndani, kama mkono wa kikombe. Homa ya dengi ilimchukua akiwa na miaka saba, wiki ambayo studio ilikuwa inakimbizana na kazi ya ng'ambo na hakuna aliyepewa ruhusa. Saa ile mtoto anakata roho, mama yake alikuwa anachora sungura anayecheka. Sala za siku tisa zilipokwisha alirudi mezani, na tangu hapo, katika kila tukio lililopita mikononi mwake, mchoro wa saba ulikuwa na kidole kilichopinda. Malkia alikuwa nacho. Haramia alikuwa nacho, na sungura pia. Baadaye mafuriko yakaingia nyumbani kwao Marikina, yakazoa picha zote za mtoto pamoja na sanduku lake la nguo, na Doray akabaki na karatasi zile tu, zilizofungiwa katika makabati ya chuma ya studio. Hakuwa na huzuni ya maonyesho. Alijua zipo, ikamtosha.

"Aling Epang, anika kucha zako hapo nje kidogo," alisema sasa.

"Mnanifukuza ili mle ensaimada peke yenu," mama yule akanung'unika, akatoka akipepea vidole.

Rommel akakaa. "Mare, ile mashine ina ugonjwa."

"Ipelekeni hospitali."

"Sifanyi mzaha. Unakumbuka tulivyoifundisha?"

Angesahau vipi? Miaka miwili nyuma walinakili michoro yote ya zamani, wakailisha mashine ili ijue kujaza katikati yenyewe. Walichagua zaidi michoro ya Doray kwa sababu mstari wake ulikuwa safi kuliko wa yeyote. Alijivuna, maskini. Mashine ilipohitimu, watu wa katikati waliagwa kwa tambi za pansit, nguruwe wa kuchoma, na kibao cha mbao chenye maneno ya shukrani. Punda naye hushukuru, lakini kwa mateke.

"Tunatoa gemu letu wenyewe," Rommel alisema. "Si la kuwachorea wengine, letu. Binti mzamia lulu, anaitwa Dalisay. Magazeti yanasema nchi yetu sasa ndiyo karakana ya katuni ya dunia. Hata serikali inatuma mtu. Lakini mnunuzi wa ng'ambo amekataa kupokea. Anasema binti ana kilema. Kila anachofanya, akiogelea, akila, akipunga mkono, kile kidole…"

Brashi ilisimama juu ya kopo.

"Tukikirekebisha leo, kesho kinarudi. Wahandisi wamepekua michoro laki mbili, hawajui kipi kimepinda kwa makusudi na kipi kimejikunja tu kama vidole vinavyojikunja. Mimi nilipokiona nilijua. Sikumwambia mtu, mare. Nimekuja kwako kwanza."

"Ili nifanye nini?"

"Uichore upya ile iliyopinda. Kwa mkono wako, maana ni mstari wako ndio mashine inaufuata. Usipofanya, mnunuzi anaondoka, na vijana sitini wanarudi makwao kama mlivyorudi ninyi. Ukifanya, unaajiriwa tena. Na jina lako litaandikwa mwishoni. Teodora Magbanua, lote."

Doray akaitazama ile ensaimada, sukari yake ikiyeyuka kwa joto. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitarajia. Alitaka kumwona huyo binti.

"Jina silitaki tena," alisema. "Nataka karatasi zangu. Zile za saba. Mtoe kidole kwenye mashine yenu, lakini karatasi mnipe mimi. Hata moja."

"Nitakupa zote."

"Zipo?"

"Zipo, mare. Ghorofa ya pili, kabatini."

Alisema hivyo akiwa anafunga kisanduku cha ensaimada kilichokuwa kimefungwa tayari.

*

Studio haikuwa na harufu ya penseli tena. Mhandisi aliyeitwa Sheryl, mwanamke mwenye miwani mikubwa, alimkalisha mbele ya skrini pana kama meza ya kulia chakula, akabonyeza kitu.

Dalisay akatoka majini. Akakamua nywele, akacheka, akapunga mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani.

Miaka yote ile Doray hakuwahi kukiona zaidi ya kupepesa jicho. Sasa kilikaa. Kilishika kamba ya ngalawa, kikaondoa mchanga puani, kikakuna shavu. Ning angekuwa na umri huo hivi leo, na zaidi. Doray akaweka kiganja mdomoni, machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

"Mbaya, eh?" Sheryl alisema kwa upole, akidhani ni aibu, akimwita Ate kama dada mkubwa. "Usijali, Ate. Mtu huona kosa akalisamehe. Mashine ikiliona mara elfu nne hulifanya sheria."

"Kidogo tu. Mwache apunge tena."

Sheryl akamwacha Dalisay apunge mara ya pili, kisha ya tatu. Nyuma ya kioo, vijana walikuwa wameinamia kalamu zao, mmoja akila wali ndani ya kikopo bila kuacha kazi, vilevile kama walivyokuwa wakila wao. Doray akawatazama sana. Angeweza kuinuka akaenda zake, mtoto wake akaendelea kuogelea humo mpaka mnunuzi azime taa na wale sitini watoke na vibao vya mbao.

"Saba," alisema mwishowe. "Tafuta mchoro wa saba wa kila tukio langu."

Sheryl aliipata kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Kazi ilikwenda siku tisa, asubuhi hadi alasiri. Mkono wa malkia ulikuja kwenye skrini, Doray akakifuta kidole toka kifundo cha kati, akakinyoosha. Ukaja wa haramia. Ukaja wa sungura. Siku ya kwanza alikuwa akinong'ona "samahani" kwa kila kimoja. Siku ya nne alikuwa amechoka kunong'ona. Siku ya saba mkono ulikuwa unakwenda wenyewe na yeye akiwaza kama amenunua mchele. Kila jioni Sheryl aliilisha mashine michoro ya siku hiyo, na kila asubuhi Dalisay alipopunga, kidole kilikuwa kimenyooka kidogo zaidi ya jana.

"Ate, unaiponya!" Sheryl alifurahi.

Siku ya tisa kilinyooka kabisa. Dalisay alikuwa msichana mzuri, mwenye vidole kumi kama vya watu. Doray hakumfahamu.

*

Sherehe ilifanyika pale pale studio, Ijumaa saa nane mchana. Mtu wa serikali alisema sekta hii inakua kuliko mianzi baada ya mvua, na kwamba zamani tuliwachorea wengine na sasa tunajichorea wenyewe. Watu walipiga makofi. Mnunuzi wa ng'ambo naye alipiga makofi, bila kuelewa neno. Kisha gemu likaonyeshwa, na majina yakaanza kupanda, lakini kuna mtu alikuwa ameshafunua sinia la nguruwe, na nani wa kusoma majina nguruwe akiwa wazi? La Doray lilipita mstari wa mia moja na kitu, chini ya neno Marekebisho, na kwa kweli hata yeye hakuliona. Alikuwa anapanda ngazi.

Makabati ya chuma yalikuwapo, yale yale, na kutu yao. Alifungua la kwanza, akakuta mabango. Katika la pili kulikuwa na madoli ya Dalisay ya kugawia wageni, yamepangwa kama dagaa. Alifungua la tatu na la nne. Humo alikuta sahani za karatasi, na pakiti moja ya zamani ya karatasi za kuchorea zenye matundu matatu chini, tupu, kingo zimekuwa za njano.

Nyayo zilisimama nyuma yake.

"Zilipata ukungu," Rommel alisema. "Baada ya kunakiliwa, mkurugenzi akasema zinakula nafasi. Akaja mtu wa vyuma na karatasi chakavu, akazipima kwa kilo. Mwaka juzi, mare."

"Ulijua ulipokuja saluni?"

Rommel akalisukuma kabati la nne likafunga.

"Nakuuliza, Mel. Ulijua?"

"Nilijua. Ningekwambia, usingekuja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sitini, mare. Na mimi wa sitini na moja."

"Kwenye mashine je? Nakala za zamani?"

"Sheryl amezifuta. Zingebaki, ugonjwa ungerudi. Ndiyo kanuni."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimevaa shati la sherehe. Doray alitaka kumzaba kibao, mkono ukakataa kunyanyuka.

"Wewe ndiye ulimshika kichwa," alisema. "Padri akimwaga maji, akalia, akakukamata kidole gumba kwa kile kidole chake. Ukacheka ukasema, tazameni, ana ndoano, huyu hatampoteza mtu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi kumbuka peke yako. Usiniite mare tena."

Akachukua ile pakiti ya karatasi, akashuka, akapita katikati ya watu wenye sahani. Sheryl alimpungia kwa furaha. Mtu mmoja alimkabidhi doli.

*

Jumatatu saluni ilikuwa haijapata mteja. Doray aliondoa chupa za rangi mezani, akafuta, akaweka karatasi moja ya njano na penseli aliyoichonga kwa wembe. Hakuhitaji picha. Kidole kile alikuwa amekichora mara elfu nne. Alianza na kifundo cha mkono, akaja kiganja cha mtoto, kinene kidogo, kisha gumba, na vile vitatu. Alipofika cha mwisho, mkono ulikwenda wenyewe, safi, bila kusita.

Kilitoka kimenyooka.

Alikitazama. Akakifuta toka kifundo cha kati, akafumba macho, akajaribu kukiona kikishika kikombe, kikishika gumba la Mel. Akachora. Kilinyooka. Akachukua karatasi ya pili, kisha ya tatu.

"Unachora nini tangu alfajiri?" Aling Epang aliuliza, akiingia na ndoo yake. Alitazama juu ya bega la Doray. "Mkono mzuri. Wa nani?"

"Sijui," Doray alisema.

Akapuliza vumbi la kifutio, akavuta karatasi nyingine, akaanza tena kwenye kifundo.