Siku Punda wa Dobi Alipokaribishwa Ndani

Mama mkwe wangu Jagrani, mwanamke ambaye hata majogoo wa jirani walingoja akohoe ndipo wawike, alivua ndara zake kizingitini, akaingia chumbani kwa magoti, akamwinamia mtoto wangu wa miaka minne mpaka paji la uso wake likagusa sakafu.

"Karibu, Mama Baridi," alinong'ona. "Nyumba ni yako. Kaa upendavyo, na ukiondoka, uondoke kwa upole."

Hakuwa akisema na Rajjo. Alikuwa akisema na yule aliyemwingia Rajjo. Kwetu surua haikutajwa kwa jina, kama vile mke asivyomtaja mumewe. Tulisema Mama Baridi amekuja kutembea. Naye ni mungu mwenye hasira za karibu: hapendi joto, hapendi kelele, hapendi hata mlio wa vitunguu vikiingia mafutani. Basi tuliuzima moto, tukala viporo. Tawi la mwarobaini likatundikwa mlangoni ili wageni wajue pa kukomea. Hakuna aliyechana nywele, hakuna aliyefua nguo. Na mgonjwa hakemewi kamwe, kwani ukifungua kinywa kumkemea, unajuaje unamkemea nani?

Siku hizi vitukuu wangu wanachomwa sindano mkononi, wanalia kama wanaochinjwa, kisha wanapewa biskuti na dunia inaendelea. Mimi hukaa pembeni nikacheka. Wakiniuliza kama enzi zetu zilikuwa tamu, huwaambia maembe yalikuwa matamu; mengine yote chukueni, siyadai. Enzi zetu mwanamke akiulizwa ana watoto wangapi, naye aliuliza kwanza: waliokwisha kupita mikononi mwa Mama Baridi, au wote?

Rajjo alikuwa hajapita. Vipele vilimjaa mwilini kama mtama uliomwagwa juu ya mkeka, na pumzi yake ilichoma kiganja. Lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa macho. Yalivimba, yakatoa utando, kope zikagandana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Sundariya, msichana aliyeshinda barazani akisokota kamba kwa kupapasa, kwa sababu Mama Baridi alipomtembelea utotoni, aliondoka na macho yake. Upepo ukivuma kutoka upande ule nilizisikia zile nyuzi zikikwaruzana, nami nilikuwa nikimziba Rajjo masikio. Sijui nilidhani nini. Labda nilidhani upofu unaingilia masikioni.

Nilimpangusa macho kwa pamba na maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini, asubuhi, mchana, jioni. Hata hilo nililifanya nikiwa nimejifunika mtandio hadi kidevuni. Mama mkwe bado aliniita Bibi Harusi, kana kwamba harusi ile haijaisha na wageni bado wanakula. Na bibi harusi hapazi sauti mbele ya mama mkwe, haonyeshi uso, wala hacheki. Hili la mwisho halikunipa taabu. Nyumba ile haikuwa na la kuchekesha.

"Yamefunguka?" Jagrani aliniuliza kila alipopita.

"Bado, Mama."

"Usiyalazimishe, Bibi Harusi. Mwenyewe akitaka ataachia."

Alisema kwa ukali uleule wa siku zote. Lakini alipogeuka, niliona mkono wake ukiutafuta ukuta.

Jumanne ilikuwa siku ya dobi. Nankau alikuja, akaona mwarobaini mlangoni, akaunganisha viganja kwa heshima, akaenda zake. Ila hakuna aliyemweleza punda wake. Nawabu, ndilo jina lake, alikuwa na mazoea: kila Jumanne anapewa ukoko wa chapati na mimi, kisha anapewa mchi wa mgongo na mama mkwe. Aliona moja tu kati ya hayo lina faida, nalo akalifuata. Akausukuma mlango kwa kichwa, akaingia uani.

Jagrani aliuinua mchi kama desturi. Mkono ukagandia hewani.

Maana Mama Baridi hapandi farasi, wala tembo. Anapanda punda.

"Kipando kimekuja," alisema. Akauweka mchi chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

"Kimekuja kumchukua nani?" nilimuuliza.

Swali lilinitoka kabla sijalifunika mtandio. Kama punda amekuja kumchukua Mama Baridi, basi mtoto amepona. Lakini sote tulijua kuwa mgeni yule haondoki mikono mitupu kila safari.

Jagrani alileta bakuli la dengu zilizolowekwa, akaliweka mbele ya punda kwa mikono miwili. Nawabu akanusa, akaona ni chakula cha wagonjwa. Akageukia kitanda cha kamba palipoanikwa papadi, zile chapati nyembamba kavu za dengu, ambazo Jagrani alizigawa kwa kipimo hata kwa mwanawe wa kumzaa, akaanza kuzitafuna, kra, kra, kra.

"Kula, baba," alisema mama mkwe, kama aliyemeza mwiba. "Kula ushibe."

Juu ya paa la nyumba ya pili kichwa kikachomoza. Alikuwa Kalavati, jirani yetu, aliyekuwa akinusa habari kabla hazijaiva.

"Wee Jagrani! Huyo si yule uliyempasua sikio mwezi uliopita?"

"Fyata ulimi, Kalavati! Siku ile alikuwa hajajitambulisha."

"Leo kaja na barua?"

Nawabu alimaliza papadi, akapita kwenye vipande vya embe vilivyotiwa chumvi kwa ajili ya achari, akavifagia vyote. Kisha akaelekea mlango wa chumba alicholala Rajjo.

Hapo Jagrani aliruka na kupiga magoti njiani. Uzee wote ulimtoka, kisha ukamrudia mara mbili. Akalaza paji la uso vumbini mbele ya kwato.

"Mchukue Mama mwenyewe tu," alisema. "Mtoto utuachie, na macho yake utuachie. Usipotaka kurudi mikono mitupu, mimi hapa. Nimekwisha kuona ya kutosha."

Nilisimama nikiwa nimelishika pazia la mlango wa chumba. Mwanamke huyu nilikuwa nimemwogopa kuliko njaa. Nikamtazama kisogo chake, mvi ambazo hazijachanwa siku zote zile, shingo nyembamba kama ya kuku, na moyo wangu ukafanya jambo ambalo sikuwa nimeuruhusu.

Nawabu alimtazama pia. Akatafakari. Akainamisha kichwa, akaushika mdomoni upindo wa sari yake, akaanza kuutafuna.

"Kakubali, Jagrani!" Kalavati alipiga kelele. "Anakuchukua! Funga mizigo!"

Ndipo sauti ndogo, kavu kama jani, ikatoka nyuma yangu.

"Mama, punda anakula nguo ya bibi."

Hakuna aliyesogea. Hata Nawabu aliacha kutafuna. Jagrani aliinua uso wenye vumbi, upindo bado ukiwa mdomoni mwa punda.

"Nguo ya rangi gani?" aliuliza.

Nikageuka. Kope za Rajjo zilikuwa zimeachana, jicho moja zaidi ya jingine, na katikati kulikuwa na weusi unaong'aa, ukizunguka uani bila haraka.

"Nyeupe," alisema. "Lakini hapo chini ni chafu."

Sauti iliyonitoka sikuitambua. Ilianzia tumboni, ikapanda, ikapasuka kabla sijaufikia mtandio. Na kila nilipotaka kuinyamazisha nilimwona Nawabu akivuta upande wake na mama mkwe upande wake, huku akimwambia, "Tafadhali, baba, tafadhali," nayo ikaja upya. Nilicheka mpaka nikaketi chini, machozi yakinitiririka.

Jagrani alimwachia punda kipande cha sari na kuingia chumbani kwa magoti. Akachukua kijiko. "Hiki nini?"

"Kijiko."

Akavua bangili. "Na hii?"

"Bangili."

Akanyoosha kidole kwenye bakuli, kwenye mkeka, kwenye mjusi ukutani. Rajjo alijibu yote, kisha akachoka.

"Bibi, kwani wewe huoni?"

"Kimoja tu, malkia wangu. Cha mwisho." Akanielekezea kidole pale nilipokaa, mtandio mabegani, kinywa wazi. "Na huyu nani?"

Rajjo alinitazama muda mrefu, akikunja uso kama anayesoma herufi ngeni.

"Ni mama," alisema. "Kumbe ana meno."

Jagrani aligeuka taratibu. Akanitazama kwa makini, kama mtu anayekagua ng'ombe ambaye alimnunua zamani bila kumfungua mdomo.

"Kweli," alisema. "Hata mimi sikujua."