Mguu wa Kushoto wa Safia

Kila mwezi Odeta na Safia walikaa benchi moja kwenye kliniki ya moyo, wakisubiri Sista Tereza aite majina. Wote wawili walizaliwa na tundu katikati ya moyo. Safari hii nafasi ya kwenda Dar kuzibwa tundu hilo ilikuwa moja, na jina lilikuwa la Safia. Odeta alikuwa wa pili.

Fomu ya Odeta ilishapotea ofisini mara mbili. Alikuwa amesubiri miaka mitatu. Safia alisubiri miezi tisa tu, na mama yake alimletea uji wa karanga kutoka Mirongo mpaka hapo benchini. Odeta alikuja peke yake kutoka Mkolani, akipumzika kila baada ya nguzo tatu za umeme.

"Nikirudi unishonee gauni la harusi," Safia alisema. "Unifanyie bei ya mgonjwa mwenzako."

"Kama utarudi na kiuno hicho hicho."

Safia akacheka. Odeta hakucheka. Alikuwa fundi cherehani pale Mkuyuni, futi kamba ikiwa bado shingoni, na jicho lake lilizoea kupima. Safia alikuwa amefungua mkanda wa kiatu cha kushoto.

"Mguu umefanyaje?"

"Nyamaza basi." Safia alishusha baibui. "Gari ni kesho alfajiri. Wakijua wataniondoa."

Sista alishawaonya mara nyingi: mguu mmoja ukivimba, huenda damu imeganda. Donge likipanda na kupita kwenye tundu, linakwenda kichwani. Na Dar ni kukaa kwenye basi siku nzima.

Odeta alijiambia kwamba anasimama kwa ajili ya Safia. Nusu yake ilikuwa kweli.

"Sista, mpime Safia mguu."

Sista Tereza hakuinua uso. "Wewe si ndiye namba mbili? Acha wivu, dada. Na futi yenyewe ya kumpimia hatuna tangu mwaka jana."

Odeta akavua yake, akapiga magoti. Shavu la mguu wa kulia, sentimita thelathini na mbili. La kushoto, thelathini na saba. Kidole chake kiliacha shimo kwenye ngozi.

Sista akakata jina la Safia, akaagiza kiti cha magurudumu.

"Nafasi yake itamsubiri?" Odeta aliuliza.

"Nafasi haisubiri mtu. Ni moja, mpaka mwakani. Haya, saini hapa."

Kiti kilipoanza kusukumwa kwenda wodini, Safia aligeuka.

"Umefurahi?"

Odeta alitaka kusema hapana. Kalamu alikuwa ameshaishika.