Maneno Aliyoyaimba Neville

Kamera ilikuwa imeshawashwa jikoni kwa Glenys, mjini Sheffield. Tamsin, binti aliyekuwa akitengeneza filamu kuhusu bendi ya Zamu ya Pili, aliuliza kwa sauti ya chini, "Neville aliuandikaje ule wimbo?"

Bendi ilidumu miezi kumi na minne tu: vijana wanne, santuri moja. Wiki mbili baada ya santuri kutoka, gari la Neville, mwimbaji wao, liliteleza kwenye barafu, akafa. Tangu hapo walioiga muziki wao, nao ni wengi, husema wimbo ule wa mwisho katika santuri ulikuwa buriani yake: "Mlango u wazi, chakula kimepoa, na hakuna aliyeniita."

Glenys, aliyepiga gitaa la besi, alimtupia jicho mama yake Neville, Mama Edna, aliyeketi pembeni na miaka yake tisini na miwili. Wanne wale waliapa kwamba kila wimbo ni wa wote, na asitajwe nani kaandika nini. Kiapo hicho alikitunza miaka zaidi ya arobaini. Lakini kilichomfunga mdomo hasa ni bibi huyu. Angemnyang'anyaje buriani ya mwanawe?

"Jibu, binti," Edna alimwambia Glenys. "Au ulimi umeumeza pamoja na biskuti?"

"Niliuandika mimi, Mama."

Edna alimgeukia.

"Ni habari za baba yangu. Nyundo za kiwandani zilimharibu masikio. Tulikuwa tunamwita mezani, hasikii, anakaa sebuleni akidhani tumemsahau. Neville aliimba tu."

Glenys alisubiri kilio. Edna aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Jioni ile ya ajali Neville hakula," alisema. "Tulikuwa tumegombana tena, na kama kawaida yangu sikumwita. Kila wimbo ule unapopigwa redioni najua ananisema mimi. Kwamba alitaka kufa." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo ilikuwa barafu?"

"Barafu tu, Mama. Kesho yake tulikuwa na mazoezi. Alinisisitizia nisichelewe."

Hapo ndipo Edna alipolia, polepole, Glenys kamshika mkono.

"Na wewe ukakaa nalo muda wote huo, punda wee!"

"Nilidhani unaupenda."

"Niupende? Makelele yale!"

Tamsin alikuwa amekauka nyuma ya kamera. "Filamu nzima nimeijenga juu ya buriani ile," alinong'ona. "Zimebaki wiki tatu ionyeshwe."

"Basi ibomoe, mwanangu," Edna alisema, akijifuta uso. "Anza na huyu hapa. Mwulize tena."